Mazoezi ya Mazungumzo na Msikilizaji Asiyecheka

Katika stadi nne za lugha, kuzungumza ndiko kunakotajwa sana katika mihutasari na kufanywa kidogo sana darasani. Sababu yake si uvivu wa walimu. Ndugu mwanachuo, chukua kalamu ufanye hesabu ndogo: darasa lina watoto 80, kipindi kina dakika 40. Ukimpa kila mtoto nusu dakika tu ya kufumbua kinywa chake, kipindi kimekwisha, na wewe mwenyewe hujasema neno, hujafuta ubao, wala hujawaamua wawili wanaogombea kalamu. Na nusu dakika haitoshi hata kumweleza mgeni njia ya kwenda sokoni. Ndiyo maana katika shule nyingi tulizopata kuzitembelea wakati wa mazoezi ya kufundisha, somo la mazungumzo huishia katika kuitikia kwa pamoja: mwalimu anasema, darasa zima linarudia kwa sauti ya kuimba, na wale wasioelewa wanajificha ndani ya sauti za wenzao.

Mwanachuo anayekuja kwetu amepitia madarasa hayo hayo. Aghalabu alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo. Akaingia sekondari akakuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Akanakili, akakariri, akafaulu. Kuandika anaweza. Insha yake juu ya utunzaji wa misitu ina aya zilizopangika vizuri. Lakini mwambie asimame mbele ya wenzake aeleze kwa Kiingereza namna alivyosafiri kutoka kwao hadi chuoni, utamwona anatazama sakafu. Si kwamba hana maneno. Anawaogopa wenzake. Kicheko cha darasani ni kitu kizito kuliko tunavyokubali katika vitabu vya mbinu. Mtu aliyechekwa akiwa darasa la tano kwa kutamka neno vibaya huweza kukibeba kicheko hicho hadi chuoni, na akishakuwa mwalimu akawarithisha watoto wake hofu ile ile kwa njia iliyo rahisi sana, nayo ni kufundisha Kiingereza kwa Kiswahili tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Stephen Krashen, ambaye maandishi yake ya miaka ya 1980 yamesomwa sana vyuoni, aliifananisha hofu ya namna hii na chujio: ikizidi, lugha anayoisikia mwanafunzi haipenyi.

Kwa hiyo, zilipotokea programu za kompyuta zinazoweza kuzungumza na mtu, sisi tunaofundisha mbinu za kufundishia lugha tuliona haitupasi kuzipuuza. Jina lake bado halijatulia: wengine husema akili bandia, wengine akili unde, wengine akili mnemba. Sisi tutatumia akili mnemba, bila ya ugomvi na wanaopenda mengine. Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, wa chuo cha MIT huko Marekani, alieleza programu aliyoiita ELIZA, kwa jina la yule msichana muuza maua katika tamthilia ya Bernard Shaw ambaye anafunzwa kusema Kiingereza cha watu wa tabaka la juu. ELIZA haikuelewa chochote. Ilinyakua neno moja katika sentensi ya mtu na kuligeuza kuwa swali; ukitaja mama yako, ilikutaka uieleze zaidi habari za jamaa zako. Hata hivyo watu waliieleza mambo yao ya ndani, na Weizenbaum mwenyewe alishtuka kiasi cha kuandika kitabu cha tahadhari mwaka 1976.

Programu za leo, ambazo umma ulizifahamu hasa tangu ChatGPT ilipotolewa mwezi Novemba 2022, zimetengenezwa kwa njia nyingine kabisa. Zimepitishwa katika maandishi mengi mno, na kutokana na maandishi hayo zimejifunza kukadiria ni kipande gani cha neno kinachofaa kufuata vile vilivyotangulia. Kwa sababu hiyo hutoa sentensi zenye sarufi safi, hasa katika lugha yenye maandishi mengi kama Kiingereza. Nyingine husikia sauti na kujibu kwa sauti. Ni jambo la ajabu, na mara ya kwanza tulikaa kimya tukitazamana.

Kwa mihula miwili sasa tumekuwa tukikutana jioni na kikundi kidogo cha wanachuo, wakifanya mazoezi ya kusema Kiingereza na programu hizo katika simu zao wenyewe au za rafiki zao. Tunayoyaandika hapa ni tuliyoyaona kwa macho. Hatukupima kitu kwa rula.

La kwanza tuliloliona ndilo lililotufurahisha zaidi: walisema. Mwanachuo mmoja, ambaye kwa muhula mzima hatukupata kuisikia sauti yake kwa Kiingereza isipokuwa wakati wa kuitwa majina, tulimkuta kwenye ngazi za maktaba akiieleza simu jinsi wanavyovuna mpunga kwao. Nyakati za vitenzi zilimpotea. Alipofika kwenye kupepeta alikwama, akanyamaza, kisha akalizunguka lile neno asilokuwa nalo: unarusha mpunga juu kidogo, akasema, na upepo unachukua uchafu. Tuliposikia hivyo tulitaka kumpigia makofi. Kulizunguka neno usilolijua ndiyo stadi yenyewe ya mazungumzo, na hakuna zoezi la kujaza nafasi zilizoachwa wazi linaloweza kuifundisha. Merrill Swain, baada ya kuwachunguza watoto wa Kanada waliosomeshwa masomo yao kwa Kifaransa, aliandika mwaka 1985 kwamba kuisikia lugha kwa miaka mingi hakutoshi. Mwanafunzi hana budi kusukumwe aitoe kinywani, maana ni wakati wa kuitoa ndipo anapogundua pengo lililomo. Simu ile ilimsukuma. Sisi na darasa letu tulikuwa hatujaweza.

Hata hivyo msikilizaji asiyecheka ana kasoro yake, nayo huonekana polepole. Hakosi kuelewa.

Tuchukue matamshi. Lugha nyingi za nyumbani kwetu hazitenganishi sauti ya r na ya l, na mwanachuo aliyekulia katika lugha hizo huweza kusema “collect” akikusudia “correct”. Aliiambia programu kwamba jioni ata-“collect” madaftari ya watoto kwa kalamu nyekundu. Programu ikaangalia maneno mengine yaliyolizunguka lile, ikaona kalamu nyekundu, ikakadiria maana, ikajibu vizuri kabisa juu ya kusahihisha. Mwanachuo akaendelea akiamini amesema sawasawa. Sasa mpeleke mwalimu huyo mbele ya darasa la tano awaambie watoto sentensi hiyo hiyo bila ya kalamu nyekundu: nusu yao watasimama na kumletea madaftari mezani. Watoto ni wasikilizaji wagumu, na ugumu wao una faida kubwa kwa anayejifunza kusema.

Jambo kama hilo hutokea katika sarufi. Ukisema, “Yesterday I go to town,” programu itajibu kwa furaha, “Oh, you went to town! What did you buy?” Imeisahihisha sentensi kwa adabu, ndani ya jibu lake. Lakini mwanafunzi masikio yake yako kwenye swali la alichonunua. Kile kitenzi kilichosahihishwa kimempita. Roy Lyster na Leila Ranta waliyaeleza mambo haya mwaka 1997, baada ya kurekodi masomo katika madarasa ya Kifaransa huko Montreal. Waliona kwamba kuirudia kwa usahihi sentensi ya mtoto bila ya kumwambia kitu ndiyo njia waliyoitumia walimu mara nyingi kuliko nyingine zote, na ndiyo iliyowafanya watoto wajirekebishe mara chache zaidi. Njia zilizomtaka mtoto mwenyewe ajaribu tena zilifanya kazi vizuri zaidi. Yaani mashine imechukua desturi ya mwalimu mpole, pamoja na udhaifu wake.

Dawa ipo, ingawa si kamili. Programu hizi hufuata maagizo, na mwanachuo anayeanza mazungumzo bila ya kutoa maagizo hupewa mazungumzo ya wastani yanayomfaa kila mtu na asiyemfaa yeyote. Baada ya kujaribu namna nyingi tumefikia agizo la aina hii, ambalo unaweza kuliandika kwa Kiswahili au Kiingereza: “Mimi ninajifunza kufundisha Kiingereza katika shule ya msingi nchini Tanzania. Tuzungumze kwa Kiingereza juu ya safari ya basi. Sema sentensi moja au mbili tu kila mara. Nikikosea kitenzi, usinisahihishe wala usinisaidie. Niambie hukuelewa, na unitake niseme tena. Usinisifu.” Neno la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Bila ya hilo programu husifu kila kitu, hata salamu. Nayo husahau: baada ya zamu kadhaa hurudia sifa zake, na ni lazima ikumbushwe, kama mtoto aliyeagizwa chumvi akarudi na sukari.

Tulijaribu pia kuigeuza programu iwe mwanafunzi. Mwanachuo aliiambia: jifanye mtoto wa darasa la tatu anayejua maneno machache tu ya Kiingereza, nami nitakufundisha majina ya vitu vya jikoni. Hapo tulicheka sana. “Mtoto” yule alianza kwa kukosea kosea kama alivyoagizwa, lakini muda si muda akawa anatumia maneno ambayo mkaguzi wa shule angeyafurahia, na kila alichofundishwa alikishika papo hapo. Hakuna mtoto wa namna hiyo. Lakini kushindwa huku tumekufanyia kazi. Tunawataka wanachuo wanakili mazungumzo hayo ubaoni, kisha wapigie mstari kila neno ambalo mtoto halisi wa darasa la tatu asingelijua, katika maneno ya “mtoto” na katika yao wenyewe. Ndipo wanapogundua kwamba maagizo yao ya darasani yamejaa maneno magumu. Wale wanaoandaa andalio la somo baada ya zoezi hili huandika maagizo mafupi zaidi, na tumewaona wakiyatamka mara tatu nne kwa simu usiku wa kuamkia kipindi. Kwa matumizi hayo, ya kuyazoeza maneno ya kazi ya mwalimu, hatuoni kasoro yoyote.

Sasa tuje kwenye jambo lililotushughulisha zaidi, ambalo tuliliona katika shule za mazoezi. Wanachuo wetu waliokuwa wamezungumza sana na mashine walisimama mbele ya watoto wakiwa na ujasiri zaidi kuliko wenzao. Hilo ni kweli na tunalishukuru. Lakini walikuja na tabia mbili. Ya kwanza ni kusifu. Mtoto alisema, “Me I am have two goat,” na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni sentensi nzuri ajabu, akaenda kwa mtoto mwingine. Tulijua sifa ile imetoka wapi. Ya pili ilitushangaza zaidi. Mwalimu aliuliza swali, darasa likanyamaza, na kabla hatujavuta pumzi mbili akalijibu mwenyewe. Akauliza jingine, akalijibu. Katika simu hakuna kunyamaza: unamaliza kusema, jibu limefika. Aliyezoea kasi hiyo huona kimya cha watoto kuwa ni kushindwa kwake.

Mary Budd Rowe, mwalimu na mchunguzi wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu aghalabu husubiri takriban sekunde 1 tu baada ya kuuliza swali, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi majibu ya watoto hurefuka na wanaojibu huongezeka. Tatizo basi lilikuwapo kabla ya simu. Simu imeongeza petroli. Kwa mtoto anayetafuta maneno katika lugha ya pili au ya tatu, hata sekunde 3 ni chache. Tangu hapo tumewaambia wanachuo wahesabu moyoni, kwa lugha yoyote wanayoipenda, moja hadi tano, kabla ya kufungua kinywa tena. Mmoja alituambia kwamba tano ile ndiyo hesabu ndefu kuliko zote alizowahi kufanya. Lakini katika ya nne mkono wa mtoto mmoja wa nyuma ulipanda.

Hapa tunakumbuka jambo la nchini mwetu ambalo vijana wengi hawakulisikia. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya elimu ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Redio haikuweza kumsikia mtu hata mmoja kati yao. Kwa hiyo watu walikusanywa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake; kipindi kikiisha, redio ilizimwa na mazungumzo yakaanza: tutachimba choo wapi, nani ataleta jembe. Chombo kilianzisha, watu wakaendeleza. Tumeuiga mpango huo kwa simu. Wanachuo 5 au 6 hukaa duara, simu moja katikati. Mmoja huzungumza na programu kwa dakika chache huku wengine wakisikiliza na kuandika kile ambacho mashine ilikielewa ila wao hawakukielewa. Kisha simu hufunikwa, na mazungumzo yale yale hurudiwa baina ya wawili waliogeuziana migongo, wasionana nyuso, ili pasiwe na msaada wa mikono na macho. Hapo ndipo maneno “sikukusikia, sema tena” yanapotumika kwa haki yake. Isitoshe, bando la mtu mmoja linatosha kikundi kizima, jambo ambalo si dogo katika siku za mwisho wa mwezi.

Tumeulizwa kama programu hizi zafaa pia kwa mazoezi ya Kiswahili, kwa wageni au kwa watoto ambao Kiswahili si lugha yao ya nyumbani. Zinakijua kwa kiasi cha kushangaza, ingawa mara nyingine huleta sentensi ambazo maneno yake ni ya kwetu na mifupa yake ni ya Kiingereza. Lakini liko tatizo la ndani zaidi. Mazungumzo ya Kiswahili huanza kwa kujuana nafasi. Mtoto anasema “Shikamoo,” mkubwa anasema “Marahaba,” na kwa maneno hayo mawili kila mmoja amekwisha kujua atamwitaje mwenziwe na atasemaje naye. Mwanachuo mmoja, kwa utani, aliiamkia programu “Shikamoo,” ikaitikia “Marahaba.” Siku ya pili hakuanza yeye; aliiambia tu kwamba ni mwalimu, nayo ikamwamkia yeye “Shikamoo.” Yote mawili ni maneno sahihi. Lakini nani hapa ni mkubwa? Haina umri, haina ukoo, haina mtani, wala haina mtu wa kumwita shangazi. Yawezekana kuifundisha mtu kanuni za salamu kwa mashine. Kuona haya ya kumpita mzee bila ya kumwamkia hakufundishiki hapo.

Kuhusu watoto wenyewe, msimamo wetu ni mkali kidogo. Programu hizi tunazitumia kwa kumtayarisha mwalimu, hatuziweki mkononi mwa mtoto wa shule ya msingi. Masharti ya ChatGPT yenyewe yanamtaka mtumiaji awe na umri usiopungua miaka 13, na aliye chini ya miaka 18 awe na ruhusa ya mzazi au mlezi. Watoto wetu wengi hawajafikia hata umri huo wa kwanza. Tena mwanachuo asiiambie programu majina ya wanafunzi wake, wala habari za nyumbani kwao, hata kama anatafuta ushauri kwa nia njema. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata pasingekuwa na sheria, aliyoyasema mtoto kwa mwalimu wake ni amana.

Limebaki jambo moja ambalo sisi wenyewe hatujakubaliana. Wako wanachuo wachache ambao simu imekuwa kwao kama pazia: wanazungumza nayo Kiingereza kila siku, kwa ufasaha unaokua, lakini wakiitwa kwenye duara wanatoa udhuru. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba waachwe muhula mmoja zaidi, maana ujasiri hauvunwi kabla ya kukomaa. Wengine wetu tunaona kwamba darasa la watoto 80 halitawangoja, na kwamba kila wiki ya kujificha inaongeza unene wa pazia. Kwa sasa tumepatana hivi: mwanachuo wa namna hiyo hapelekwi kwenye duara la watu sita, bali hupewa mwenzake mmoja tu, amchague mwenyewe, na wawili hao hufanya mazoezi kwa juma zima kabla ya kuongezewa wa tatu. Juma hili wako wawili katika mpango huo. Jana jioni walikuwa wameketi chini ya mwembe, simu imefunikwa juu ya daftari, wanabishana kwa Kiingereza kama ugali wa mtama unashinda ugali wa mahindi.